Sadaka Haikai Mahali pa Haki

(Hotuba iliyotolewa mtaani Kayole, Nairobi, na mfasiri mmoja wa Serikali, mbele ya Wakristo wa madhehebu mbalimbali na jirani zao.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikubali kwa midomo tukiwa kanisani, kisha tukalisahau mlangoni: ya kuwa imani ya Mkristo yamlazimisha kutafuta haki ya jirani yake. Sikuja kuhubiri, maana mimi si padre wala mchungaji. Kazi yangu ni kufasiri maneno ya watu wengine, na mtu wa kazi hiyo hujifunza mapema kwamba neno moja likiwekwa mahali pasipo pake, barua nzima huharibika. Basi leo nataka tuyatazame maneno mawili ambayo twayatamka kila Jumapili, na ambayo mara nyingi twaliweka moja mahali pa lingine. La kwanza ni sadaka. La pili ni haki.

ASILI YA MANENO HAYA

Neno sadaka lilitujia kutoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa neno sadiki. Maana ya mzizi huo ni ukweli. Kwa hiyo mtu atoaye sadaka aonyesha kwa mkono wake kwamba yale ayasadikiyo moyoni ni kweli. Katika Kiebrania, lugha ya manabii, liko neno ambalo ni ndugu wa hilo, nalo ni tsedaka. Maana yake ya kwanza si kutoa fedha. Maana yake ni uadilifu, yaani kutenda lililo sawa. Baadaye Wayahudi walilitumia neno hilo hilo kwa msaada wa maskini, kwa sababu katika mafundisho yao kumlisha mwenye njaa si ukarimu wa hiari bali ni wajibu. Amlishaye ni kama mtu alipaye deni.

Neno haki nalo lina utajiri wake. Waingereza wana maneno mawili mbalimbali: moja la unyofu wa mtu mbele ya Mungu, na jingine la hukumu iliyo sawa kati ya mtu na mtu. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ambayo wengi wenu mnayo nyumbani, neno haki hutumika kwa ule unyofu wa mtu mbele ya Mungu. Lakini neno hilo hilo ndilo tulitumialo kortini, shambani, na mbele ya karani wa mishahara. Mswahili asikiapo kwamba wana heri wale wenye njaa na kiu ya haki, hawezi kuigawa haki hiyo mafungu mawili, fungu la mbinguni na fungu la mtaani. Lugha yake haimruhusu. Naona hiyo ni neema kubwa, na yafaa tuitumie.

Sasa, ndugu zangu, tukijua ya kwamba sadaka na haki hapo asili zilikuwa jirani, twaweza kuuliza: je, ikiwa sadaka yaletwa ili haki isiulizwe, hiyo ni sadaka bado? Swali hili si la vitabuni. Liliulizwa huku huku kwetu, na mji mzima ulilisikia.

FEDHA ZILIZORUDISHWA

Siku ya Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alikwenda kusali katika Kanisa Katoliki la Soweto, upande huu wetu wa Embakasi. Alitoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na kikundi kingine cha parokia, na shilingi 2,000,000 kwa ajili ya kujenga nyumba ya mapadre. Tena aliahidi kuongeza shilingi 3,000,000, na basi la parokia. Watu walipiga makofi, kama ilivyo desturi.

Siku ya pili yake, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitoa taarifa kwamba fedha hizo hazitapokelewa na kwamba zitarudishwa kwa wenyewe, na ile ahadi nayo haikukubaliwa. Alieleza kwamba Kanisa halipaswi kutumiwa kwa mambo ya siasa, na kwamba michango ya namna hiyo huweza kuuharibu uhuru wake.

Ili tulifahamu jambo hili sawasawa, yatupasa kukumbuka mambo ya mwaka ule. Mwezi wa Juni 2024 vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 Juni wengine waliingia katika Bunge. Risasi zilipigwa. Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 39 waliokufa nchini kufikia tarehe 1 Julai. Tarehe 5 Julai Rais mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa Serikali wasishiriki tena katika michango ya harambee. Kisha tarehe 14 Novemba, siku 3 tu kabla ya ile Jumapili, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa wamesema hadharani juu ya kodi nzito, watu kutekwa nyara, na desturi ya viongozi kutosema kweli.

Basi fikirini. Siku ya Alhamisi maaskofu wamesema. Siku ya Jumapili fedha zimekuja. Kama zingepokelewa na kutiwa katika sanduku, maneno ya Alhamisi yangebaki na uzito gani?

Wako waliolaumu. Nimewasikia, wala maneno yao si ya kudharauliwa. Walisema: "Nyumba ya mapadre haijaisha. Kwaya yahitaji vifaa. Watu wa Soweto ni maskini. Je, Askofu Mkuu atawapa yeye fedha zilizorudi? Mkono mtupu haulambwi." Tena walisema kwamba mgeni akileta zawadi, ni utovu wa adabu kumrudishia, sembuse akiwa ni mkuu wa nchi.

Mimi simhukumu aliyetoa, maana moyo wa mtu aujuaye ni Mungu. Lakini kwa wale waliolaumu nina jibu. Wazee wetu walikuwa na methali nyingine: penye udhia, penyeza rupia. Methali hii ni ya zamani, tangu siku za rupia, nayo haikutungwa kwa kusifu. Yatueleza jinsi fedha inavyofanya kazi pale penye swali gumu: huingia mahali pa jibu. Kama mama aliyefiwa na mwanawe auliza ni nani aliyempiga risasi, jibu lake si basi la parokia. Kama kijana auliza kodi yake imekwenda wapi, jibu lake si vinanda vya kwaya. Sadaka ile yaweza kuwa nzuri kwa siku nyingine na kwa haja nyingine. Lakini haiwezi kukaa mahali pa haki, kama vile maji matamu yasivyoweza kukaa mahali pa taa penye giza.

Mwezi wa Machi 2025 jambo kama hilo lilitokea tena, katika kanisa lingine huko Roysambu, ambapo Rais alitoa ahadi ya shilingi 20,000,000. Jumapili iliyofuata vijana walikwenda kulalamika, na polisi wakatumia moshi wa kutoza machozi. Mwone kwamba swali halikuisha. Litarudi katika kila kanisa, liwe kubwa au dogo, la mawe au la mabati. Kwa hiyo kila mzee wa kanisa aliyeketi hapa yampasa kulijibu kabla halijamfikia.

MAANDIKO YASEMAVYO

Mtume Yakobo katika waraka wake aeleza habari ya mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri aingiaye katika kusanyiko, akapewa kiti cha mbele, hali maskini aambiwa asimame kando au aketi chini. Yakobo asema waziwazi kwamba kufanya hivyo ni kuhukumu kwa mawazo mabaya. Mambo haya yaliandikwa kabla hakujawa na mbunge wala gavana huku kwetu, lakini asomaye hudhani yaliandikwa katika mtaa wetu.

Tena iko habari ya Nabothi katika kitabu cha Wafalme. Mfalme Ahabu aliitaka shamba ya mizabibu ya Nabothi. Hakuanza kwa kunyang'anya. Alianza kwa kuahidi kumpa shamba nyingine iliyo bora, au fedha. Nabothi alikataa, maana ulikuwa urithi wa baba zake. Ndipo yalipoletwa mashahidi wa uongo, na mtu huyo akauawa. Nabii Eliya alipotumwa kwa mfalme, hakupeleka maneno ya kumfariji mjane tu. Alimwuliza mfalme juu ya damu na juu ya shamba. Hapa Eastlands, ambapo viwanja vya shule na vya soko vimepata kuonekana na ukuta wa mtu binafsi asubuhi moja, habari ya Nabothi haihitaji kufasiriwa.

Na Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alipotubu alisema mambo mawili, wala hakuyachanganya. Nusu ya mali yake atawapa maskini: hiyo ni sadaka. Na wale aliowadhulumu atawarudishia mara nne: hiyo ni haki. Kama angetoa nusu ya kwanza tu, maskini wangefurahi, lakini aliyedhulumiwa angebaki vile vile amedhulumiwa. Huu ndio mfano ulio bora kupita yote kwa mtu mwenye mali atakaye kumfuata Kristo.

WALIOTUTANGULIA KATIKA NCHI HIZI

Hili si jambo jipya lililoletwa na vijana wa siku hizi. Katika Oktoba 1919, siku za Gavana Edward Northey, Bwana John Ainsworth, aliyekuwa mkubwa wa mambo ya wenyeji, alipeleka waraka kwa maafisa kwamba wao na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua kuhimiza maana yake nini chifu ahimizapo. Maaskofu Waanglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa Misheni ya Uskoti, waliandika kulalamika. Walikuwa watu wema. Walionyesha jinsi watu watakavyoonewa. Lakini walikubali kwamba kulazimisha watu kwaweza kuwako ikiwa kutawekwa sheria na mipaka yake.

Huko Unguja alikuwako Askofu Frank Weston. Yeye hakukubali hata nusu. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kupinga kazi ya kulazimishwa, akaonyesha kwamba kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa faida ya mwingine ni aina ya utumwa, hata ukiupa jina gani. Mjue kwamba askofu huyu alihudumu katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Hakuweza kusali pale kila siku kisha akaita utumwa kwa jina la adabu. Wengine nao walipiga kelele huko Uingereza, na mwaka 1921 Bwana Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliamuru maafisa wa Serikali wasiandikishe tena watu kwa ajili ya mashamba ya watu binafsi. Haikuwa mwisho wa taabu, lakini ulikuwa mwisho wa jambo lile.

Mwaka 1923 askofu huyo huyo alisimama mbele ya Wakristo wengi mjini London. Aliwaambia kwamba hawawezi kudai ya kuwa wamwabudu Yesu altareni, ikiwa wampita Yesu huyo huyo katika watu wa mitaa ya kimaskini. Maneno hayo yaliwauma wengi, kwa sababu waliomsikiliza walipenda sana uzuri wa ibada. Wala hakuwakataza uzuri huo. Aliwaonyesha tu mahali unapopaswa kuwapeleka.

Wa karibu nasi zaidi ni maaskofu wa siku za chama kimoja. Mwaka 1988 uchaguzi ulifanywa kwa mlolongo, watu wakipanga mistari nyuma ya wasimamizi wa wagombea, na mahali pengine mstari mrefu ulitangazwa kuwa mfupi. Askofu David Gitari, Askofu Henry Okullu na Askofu Alexander Muge waliupinga utaratibu huo, hali wanasiasa wengi walikaa kimya. Katika Aprili 1989 nyumba ya Askofu Gitari huko Kirinyaga ilivamiwa usiku; alipanda juu ya paa pamoja na jamaa yake, wakapiga kelele mpaka jirani walipokuja. Askofu Muge alionywa hadharani na waziri mmoja asikanyage Busia. Alikwenda. Aliporudi, tarehe 14 Agosti 1990, alikufa katika ajali ya barabarani. Na Padre John Kaiser, aliyewatetea watu waliofukuzwa katika mashamba yao na kutoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, alionekana amekufa karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000. Kwanza ilisemwa kwamba alijiua mwenyewe. Mwaka 2007 korti ya uchunguzi ilikata maneno kwamba aliuawa.

Siwatajii habari hizi ili mwogope. Nawatajia ili mjue kwamba uhuru wa kusema ambao kanisa la Kenya linao haukununuliwa kwa mchango wa mtu mkubwa yeyote. Basi usiuzwe kwa mchango.

DANDORA: HURUMA NA HAKI

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya maaskofu. Mimi ni fundi wa viatu, mimi ni mama wa mboga. Nitafanya nini?" Nitamjibu kwa habari ya Dandora, jirani yetu.

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo taka za Nairobi ziliendelea kumwagwa pale mwaka baada ya mwaka. Moshi wake twaujua sisi sote, maana upepo hauulizi mpaka wa mtaa. Watu wa Kanisa la Mtakatifu Yohane, Korogocho, waliwaona watoto wakikohoa na kuugua. Waliweza kununua dawa ya kikohozi na kuwagawia, nalo lingekuwa tendo la huruma. Lakini walishirikiana pia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, na watoto 328 wakapimwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2007: nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na madini ya risasi katika damu yao kupita kiasi kinachokubaliwa na wataalamu. Risasi ya namna hiyo huharibu ubongo wa mtoto, akashindwa kujifunza shuleni hata kama mwalimu ni hodari.

Tazameni tofauti. Dawa ya kikohozi ni huruma, nayo ni njema, maana mtoto hawezi kungoja mpaka Serikali ikate shauri. Lakini kipimo cha damu ni mwanzo wa haki, kwa kuwa kinauliza: ni kitu gani kimfanyacho mtoto huyu augue, na ni wajibu wa nani kukiondoa? Mwenye huruma humwokota aliyeanguka. Mwenye haki huuliza kwa nini watu huanguka mahali pale pale kila siku. Mkristo ameitwa kufanya yote mawili.

Kwa habari hii Katiba ya mwaka 2010 yatusaidia. Kifungu cha 43 chasema kwamba kila mtu ana haki ya afya, ya makao yafaayo, ya chakula, ya maji safi, na ya elimu. Hakisemi kwamba ana haki ya kuyaomba hayo kwa magoti wakati wa uchaguzi. Mtu akija Matopeni na tangi la maji lenye picha yake, kunyweni ikiwa mna kiu, lakini mkumbuke kwamba anawapa kidogo cha kile mlicho na haki nacho chote.

HAKI HUANZA NYUMBANI

Sasa naja kwetu wenyewe, na hapa labda makofi yatapungua.

Ni rahisi kuutazama mkono wa mkubwa. Lakini katika mtaa huu wako wenye nyumba ambao ni wazee wa kanisa, nao huwafungia wapangaji maji ili walipe upesi. Wako akina mama wa vyama vya sala ambao wana msichana wa kazi kutoka kijijini; huamka kabla ya jogoo na kulala baada ya watu wote, na mshahara wake hukatwa kwa kikombe kilichovunjika. Sheria ya Kenya yaweka mshahara wa chini hata kwa mtumishi wa nyumbani. Wako wenye duka ambao mizani yao huegemea upande mmoja tu. Wako vijana wanaopiga kelele juu ya wizi wa Serikali, kisha wakapokea shilingi 200 ili wapige kelele katika mkutano wa mtu wasiyemwamini.

Nabii Amosi, mchunga kondoo wa Tekoa, hakuwakemea wafalme peke yao. Aliwakemea na wauzaji waliopunguza kipimo na kuongeza bei, waliotamani sabato iishe upesi wafungue ghala zao. Tena alisema kwamba Mungu hataki nyimbo za watu wa namna hiyo. Kwaya ya watu wasio na haki, hata ikiimba vizuri namna gani, kwake ni makelele. Kwa hiyo, ndugu zangu, tukirudisha fedha za mkubwa, turudishe pia mshahara wa msichana wa kazi.

MAMBO YA KUFANYA

Hotuba isiyo na kazi ya kufanya kesho ni kama mtungi usio na mdomo. Basi nitataja mambo manne, yote ya kadiri ya nguvu zetu.

Kwanza, kila kanisa liwe na daftari la michango lililo wazi kwa washiriki, na kanuni iliyoandikwa juu ya zawadi za wanasiasa. Kanuni ikiwekwa kabla mgeni hajafika, hakuna atakayeaibika. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwazuia wanasiasa kusema mimbarini. Walipewa kiti kama waumini wengine wote, wasali. Huo si utovu wa adabu. Ndiyo heshima ya nyumba ya Mungu, ambamo hakuna kiti cha mwenye pete.

Pili, tujenge kwa mikono yetu. Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba ya padre iliyojengwa kwa shilingi 50 za wachuuzi itachukua miaka mingi, lakini atakayelala ndani yake hatakuwa na deni ila kwa wachuuzi. Na mtu husema kwa niaba ya yule anayemdai.

Tatu, tuhudhurie mikutano ya wadi ambapo bajeti ya kaunti huzungumzwa. Katiba yaamuru wananchi washirikishwe. Mara nyingi mikutano hiyo huwa na viti vitupu, kisha twalalamika mwaka mzima juu ya mtaro usiozibuliwa. Tena iko sheria ya mwaka 2016 impayo kila mwananchi ruhusa ya kuomba habari kutoka katika ofisi za Serikali. Andikeni barua. Itunzeni nakala yake. Mimi ni mtu wa makaratasi, nami nawaambia kwamba afisa aiogopaye kelele kidogo huiogopa nakala sana.

Nne, mtoto wa jirani akipotea au akiuawa, tusimwache mama yake aende peke yake kituoni. Waende naye watu wawili au watatu wa kanisa lake, waandike tarehe, saa, na jina la afisa waliyemkuta. Hiyo si siasa. Ni kazi ile ile ya wanawake waliokwenda kaburini asubuhi mapema, walipokwisha kujificha wanaume.

NENO LA TAHADHARI

Yako mambo mawili yawezayo kuiharibu kazi hii. La kwanza ni kanisa kukataa fedha za upande mmoja wa siasa na kuzipokea za upande mwingine kwa siri. Kufanya hivyo ni kubadili bwana, si kuwa huru. La pili ni hasira. Mtu aliyeonewa ana haki ya kukasirika, lakini hasira ikishika usukani humpeleka kuchoma duka la jirani ambaye naye ameonewa. Askofu Muge alikwenda Busia bila silaha, na Padre Kaiser alikwenda mbele ya Tume na makaratasi yake tu. Waliosimama imara katika nchi hizi walikuwa na ukweli, nao ulitosha kuwatia wakubwa hofu.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya Wakristo peke yao. Waislamu wa mtaa huu wanalo neno sadaka na neno haki; kwa kweli walikuwa nayo katika Kiswahili kabla yetu, nasi tuliyakuta. Moshi wa Dandora hauchagui dini. Basi tufanye kazi pamoja nao, kila mtu akisali mahali pake, na wote tukikutana katika mkutano wa wadi.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Sanduku la sadaka litapitishwa tena Jumapili ijayo katika kila kanisa la Kayole. Atakayetia shilingi yake, na atie. Lakini kwanza ajiulize kama yuko mtu mtaani anayemdai, na kama yuko, aanzie kwake.